Ukuta Chini ya Mlingoti

3 Aprili

Mume wangu mpenzi, Msumeno wangu,

Na hapana, sikulia. Dereva wa lori lililokupeleka kazini ni mwongo mkubwa, ukimwona mwambie nimesema hivyo. Kilichoniingia machoni ni vumbi la boti, na yeyote aliyewahi kupiga msasa faibaglasi ya miaka thelathini na minne anajua kwamba vumbi lile halijali kama wewe ni bibi harusi wa juzi. Haya, nililia kidogo. Lakini lori lilikuwa limeshakata kona, kwa hiyo haihesabiki.

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tuoane, na katika hizo nimekuwa na wewe kumi na moja tu. Majirani wameanza kunikimbia. Jana mama wa chumba cha pili aliniuliza habari za asubuhi, nikamjibu, "Mume wangu hajambo." Akaweka ndoo chini, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimekuuliza wewe, mwanangu, sikumuuliza yeye!" Lakini nifanyeje? Habari zangu ndizo hizo.

Sasa boti aliyokuachia mjomba wako. Fundi Kobe alianza kazi Jumatatu, na jina lake halikumkosea hata kidogo. Siku nzima alizunguka boti na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza, anaweka alama ya chaki. "Hapa pazima. Hapa pamekufa." Tumboni boti ina malengelenge, kama mguu uliovaa kiatu kipya. Anayapasua moja moja, yanatoa maji yenye harufu ya siki. Sitaha ya mbele ukiikanyaga inabonyea kama godoro, maana mbao iliyofungiwa ndani ya faibaglasi imeoza miaka yote tisa ambayo boti ilikaa chini ya turubai. Nikadhani atasema tuichome moto. Kumbe anafurahi! "Ngozi imezeeka, mifupa mizima," ameniambia. "Mwisho wa Juni itaingia majini, mumeo akija."

Mwisho wa Juni! Nimeuandika kwa chaki kwenye cherehani. Wewe na likizo zako zote ulizozilimbikiza, mimi na mkasi wangu, miezi mitatu, kisiwa hiki mpaka kile, na hakuna mtu wa kututenganisha tena.

Malalamiko ni moja tu. Huko ndani kuna vitanda viwili vyembamba, kimoja ubavu huu na kingine ubavu ule, halafu ukuta wa mbao, halafu kijichumba cha mbele ambacho paka mwenyewe angelala amejikunja. Aliyeichora boti hii hakuwa na mke.

Chumba chetu kipo kama ulivyokiacha. Nalala upande wangu tu, wako siugusi.

Mkeo mpya kabisa,
Sindano

---

14 Aprili

Sindano yangu,

Dereva ameapa kwamba ulilia mpaka kanga ikalowa. Sijui nimwamini nani, lakini barua yako niliisomea juu ya gogo, nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Huku kiwanda cha mbao ni magogo, mvua na kelele. Mtandao hakuna, simu ni ya kuangalizia saa. Mashine kubwa ya kupasulia wamenikabidhi mimi, kwa hiyo sasa jina uliloniita lina cheo. Bwenini tuko saba na sita wanakoroma. Nakaa miongoni mwa watu sita nikiwa peke yangu, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Picha yako nimeiweka kwenye kopo la sukari ili isipate unyevu, basi kila asubuhi nakuona kabla ya chai.

Nafanya mazoezi ya mafundo kwenye mguu wa kitanda. Lile fundo la kamba alilonifundisha mjomba sasa nalifunga kwa sekunde nne bila kutazama. Vidole vimeshajua, mimi navifuata tu.

Kuhusu vitanda, tugawane. Nje ya boti ni ya Kobe na yangu. Ndani ni nyumba yako. Panga, pangua, mimi nitavua viatu mlangoni na kusema asante.

Upande wangu wa kitanda ulalie tu. Utaota ukungu.

Mumeo,
Msumeno

---

27 Aprili

Msumeno wangu, roho yangu, chai yangu ya asubuhi,

Kwa nini hukuniambia kwamba faibaglasi ni KITAMBAA? Maisha yangu yote nilidhani ni aina ya plastiki inayomiminwa. Kumbe ni kitambaa cheupe, kimefumwa, kinakuja kwenye robota kama kitambaa kingine chochote, kisha kinalowanishwa kwa gundi mpaka kinakuwa jiwe!

Kobe alikuwa anahangaika kukilaza kwenye kona ya sitaha. Kinakunjika, kinanyanyuka, anatukana kwa heshima kwa sababu yangu. Nikamwambia, "Fundi, hicho umekikata moja kwa moja. Kata mshazari, kitajipinda chenyewe." Akaniangalia. "Wewe umejifunza wapi faibaglasi?" Nikamjibu, "Kwenye kola za mashati." Nikachukua mkasi, nikakata mshazari, kikalala pale kona kama mtoto aliyeshiba. Mzee akaibonyeza kona kwa kidole, halafu akanipa brashi yake. Brashi yake mwenyewe! Watu wa karakana wanasema hajawahi kumpa mtu.

Tangu siku hiyo nashona asubuhi, mchana nalaza vitambaa vya boti. Naweka matabaka, nabana mapovu kwa brashi, nanuka gundi mpaka kwenye nywele. Sitaha ya mbele ni ngumu sasa. Niliruka juu yake mara tatu.

Jumapili ndiyo mbaya. Karakana inafungwa, wateja hawaji, mama wa chumba cha pili anaenda kwa dada yake. Jumapili iliyopita niligundua kwamba tangu niamke mpaka saa kumi sikuwa nimetamka neno. Nikasema "vikombe" kwa sauti, ili nijisikie tu. Vilikuwa viwili mezani. Bado naandaa viwili, Msumeno.

Lakini sasa usinihurumie, maana nina siri! Kobe anasafiri siku nane kwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Na mimi, Msumeno wangu, nina mpango, na nimeongea na seremala wa makabati wa mtaa wa nyuma, na sitasema zaidi. Ndani ni nyumba yangu, ulisema mwenyewe. Ukija utafungua mlango wa boti, na kama hutanibeba basi nitajua hunipendi.

Mkeo anayecheka peke yake,
Sindano

---

11 Mei

Mke wangu,

Samahani kwa mwandiko. Naandikia gotini ndani ya lori, na dereva hana huruma na mashimo.

Sina mengi. Kazi ni nyingi, na mwisho wa Juni siuoni vizuri. Usiishike sana tarehe ile. Huenda ikawa baadaye, huenda mwaka mwingine.

Nakuomba jambo moja. Jina lile unaloniita, liache. Niite jina lingine lolote.

Kula vizuri.

Mumeo

---

15 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, ingawa ni fupi. Labda nimekukera. Nimejaribu kukumbuka niliandika nini kibaya kwenye ile ya mwisho, nikaona nimekuita Msumeno mara kadhaa, na nikakuita chai, basi labda wenzako waliisoma wakakutania. Kama ni hivyo, nisamehe. Huwa nazidisha. Mama alikuwa akisema mimi hata salamu naiwekea lesi.

Jina nimeliacha.

Dereva alipoleta barua sikumpa nafasi ya kuongea, nilimuuliza tu kama u mzima. Akasema, "Mzima, shemeji, mzima," akatazama matairi. Huwa haniachi bila kunitania. Siku hiyo hakunitania.

Boti ni nzima. Kobe amerudi. Kazi inaendelea, kila kitu kinakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi wowote kuhusu boti.

Nami pia sina mengi leo.

Mkeo

---

18 Mei

Kwako bwana mdogo,

Hii ni sauti ya Fundi Kobe na mkono wa dereva wako. Faibaglasi imekula macho yangu, herufi nazitambua zikiwa kubwa kama mlango. Nimemwambia dereva aandike kama ninavyosema, asiongeze chumvi.

Nilisafiri siku nane. Niliporudi nilitazama boti kwa mbali, nikaona nyaya zinazoshika mlingoti zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajua kuna jambo. Nikaingia ndani. Ukuta haupo. Ule wa mbao, wa katikati. Mkeo ameukata yeye na seremala wa makabati, pamefagiliwa vizuri, na mahali pake pana kitanda kipana chenye mito ya maua.

Bwana mdogo, mlingoti wa boti ile umesimama juu ya sitaha, na ukuta ule ndio uliokuwa umeubeba. Sitaha imeshuka vidole viwili. Ingekuwa majini kwenye upepo, mlingoti ungeingia chumbani kuwasalimia.

Nilimweleza. Hakubisha, hakujitetea. Alikaa kwenye kile kitanda chake akasema, "Nilitaka tulale pamoja." Nilitoka nje nikawasha sigara, na mimi sivuti siku hizi.

Mlingoti tumeushusha. Sitaha nimeisimamishia nguzo nne. Haijapasuka, inatibika. Lakini binti amekoma kuongea. Anafanya kazi kama mtu anayelipa dhambi, na amenikataza nisikuambie. Ndiyo maana nakuambia. Njoo. Hata siku mbili.

Ni mimi fundi wako,
Kobe

(Mimi dereva naongeza: nimeandika vyote kama alivyosema. Yako sijasema, nilikuapia. Lakini mdomo wangu unaniwasha.)

---

30 Mei

Dereva, barua hii umsomee mzee mwenyewe, mpeleke pembeni. Mke wangu asiwepo.

Fundi,

Shikamoo. Siji, na nitakueleza sababu, kwa sababu wewe ni mtu mzima na boti unaijua.

Tarehe mbili Mei ubao ulinasa kwenye mashine. Nilinyoosha mkono kuutoa kabla mkanda haujasimama. Kosa la mtu wa siku ya kwanza, na mimi nina miaka sita kazini. Mkono wa kulia umebaki na vidole viwili, cha pete na kile kidogo. Barua hii naandika kwa kushoto, kama unaona inavyotambaa.

Nimejaribu lile fundo la mjomba. Nimejaribu siku nyingi. Wenzangu wakiingia naficha kamba chini ya blanketi.

Fundi, yule binti aliolewa na mtu wa mikono miwili. Niliambiwa mbele ya watu, nikakubali mbele ya watu, kwamba nitamvusha na kumtunza. Ataishi vipi baharini na mtu asiyeweza kuvuta kamba? Upepo ukibadilika nitafanya nini, nimwite yeye? Kwa hiyo boti mpe anayeiweza. Kuhusu ukuta, mwambie si kitu. Ni mimi niliyemwambia ndani ni nyumba yake, na sikujua kipi kimebeba nini, kwa hiyo kosa ni langu.

Huku wamenipa kazi ya kuhesabu mbao getini. Nitakaa. Barua nitaziandika fupi fupi, zikipungua taratibu hatashtuka. Ni mdogo bado. Atapata maisha mengine.

Usimwambie.

---

8 Juni

Mume wangu,

Dereva wako hana kosa. Maneno "dereva, umsomee mzee pembeni" uliyaandika ndani ya bahasha, halafu bahasha ukaifunga kwa gundi. Yeye angejuaje? Alisimamisha lori kwenye geti la karakana, akamkabidhi Kobe barua, akaenda kushusha mbao. Na Kobe akafanya anachofanya na karatasi zote za karakana tangu mwezi wa nne: akaniletea mimi. "Binti, nisomee."

Nikasoma. Nilikuwa nimeshatamka "mke wangu asiwepo" kabla sijaelewa ni mimi. Kobe akasema, "Basi acha." Nikamwambia, "Fundi, kaa chini," nikaendelea mpaka mwisho, kwa sauti, kila neno. Sauti yangu ilikuwa imara ajabu. Nilipofika pale unapoficha kamba chini ya blanketi ndipo ilipokatika, na Kobe akavua kofia.

Kisha akasema, "Kumbe mmefanana nyinyi wawili. Mmoja anakata ukuta bila kuuliza, mwingine anakata ndoa bila kuuliza."

Nilicheka, mume wangu. Halafu nililia, na safari hii sitakudanganya kuhusu vumbi.

Kwanza nikuombe msamaha, maana mimi nami nilikuficha. Nilikuandikia boti ni nzima huku imesimama kwa nguzo nne. Niliogopa. Nilidhani umenichoka, na nikajiambia akisikia nimeivunja boti ya mjomba wake hatarudi kabisa. Nilikata ukuta kwa furaha, nikiimba, nikampa seremala na chai. Haikunijia akilini kwamba ukuta unaweza kuwa na kazi nyingine zaidi ya kututenganisha.

Na lile jina. Nililiandika tena na tena kwenye barua ya mwisho wa Aprili, ikakufikia ukiwa umefungwa bendeji. Laiti ningekuwa na njia ya kuirudisha.

Lakini sasa nisikilize. Nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia, ni mara yangu ya kwanza, na kama mambo yangu yote nimezidisha. Umeandika mimi ni mdogo. Umeandika nitapata maisha mengine, kama mtu aliyekosa saizi dukani. Umekaa na fundi wa boti, kwa barua, mkapanga nani apewe boti na nani aachwe, na mtu pekee ambaye hukumuuliza ni mimi. Ulipanga barua ziwe fupi fupi ili nisishtuke! Uliwahi kuniona nikikosa kushtuka? Ile ya tarehe kumi na moja ilinitoa usingizini wiki nzima. Jumapili mbili sikufungua mlango. Vikombe viwili nilivibadilisha kuwa kimoja, nikavirudisha viwili, nikavipunguza tena, hivyo hivyo kama mwendawazimu. Hivyo ndivyo unavyonitunza?

Unauliza, upepo ukibadilika, umwite mkeo? Ndiyo. Uniite. Kwani ulidhani nitakuwa nimekaa kwenye mito ya maua nikikupungia?

Sasa habari za boti, kwa sababu hakuna mtu aliyepewa.

Ukuta haukurudi. Nilimuuliza Kobe kama lazima mzigo ubebwe na ukuta, au unaweza kubebwa na tao, kama mlango wa duara. Akafikiri siku mbili. Tulichukua mbao nyembamba, tukazipinda moja juu ya nyingine kuanzia ubavu huu, juu chini ya sitaha, mpaka ubavu ule, kisha tukazivika kitambaa. Matabaka kumi na mawili, nimekata yote mshazari mimi mwenyewe, na kila tabaka tumelisubiri likauke. Juzi mlingoti ulirudi. Kobe akakaza nyaya, akaupiga mmoja kwa kidole, ukalia. Akaingia ndani na rula yake, akapima sitaha, akapima tena. Haijashuka hata unene wa uzi. Alichosema ni, "Usijisifu." Lakini mchana nilimkuta akimwonyesha tao mwenye boti ya jirani, amelishika kama bega la mwanawe.

Halafu kamba. Zamani mtu alilazimika kwenda mbele mpaka kwenye mlingoti kuzivuta. Nimemwambia Kobe sitaki hivyo tena. Zote tunazipitisha kwenye kapi, yale magurudumu madogo ya kamba, zinarudi nyuma mpaka kwenye kiti cha usukani, zinaishia kwenye winchi mbili. Na winchi, mume wangu, haitaki vidole. Inataka mtu wa kuzungusha mpini, kwa kiganja, kwa kiwiko, hata kwa hasira. Kobe alijaribu mkono mmoja ukiwa mfukoni, kisha akaufunga kabisa na kitambaa kuhakikisha. Tanga lilipanda lote. Watu wa karakana walidhani amepata wazimu. Fundo la mjomba nitalifunga mimi. Nina vidole kumi na vimekaa bure tangu uondoke.

Hatutawahi mwisho wa Juni. Bado kuna rangi, bado usukani umelegea, na injini inakohoa. Itakuwa Agosti, labda Septemba. Kobe ni yule yule. Mimi nimekuwa na haraka tangu siku ya harusi, na umeona haraka yangu imefanya nini, kwa hiyo sasa nimejifunza kusubiri kitu kikauke.

Ila si wewe. Wewe sitakusubiri. Kama huji, nakuja mimi. Wateja nimewaambia cherehani inapumzika wiki mbili. Dereva amenipa kiti cha mbele, anadai nisilie njiani kwa sababu kioo chake kinapata ukungu. Bwenini kuna watu sita wanakoroma, nimesikia, basi watafute pa kwenda. Na usianze kupanga maneno, maana ninakujua, utayapanga mafupi.

Lori linaondoka hapa tarehe ishirini na tano. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimeshuka getini kwako, pale unapohesabu mbao. Ukiniona, nipe mkono wa kulia. Wa kushoto nimeshauzoea kwenye barua.

Mkeo,
Sindano